Firauni Mwenye Manyoya Kichwani

Leo nimeadhirika. Tena kwa kipaza sauti.

Nawaandikia hapa kwenye kundi letu nikiwa nimekaa juu ya gunia la ufuta, khanga imelowa jasho, simu ina chaji ya kuungaunga. Najua hadi kesho habari zitakuwa zimewafikia kwa njia nyingine, zimetiwa chumvi na ndimu. Bora mzipate kwangu, mwenye aibu yangu.

Mnakijua kibanda cha video cha marehemu baba Zubeda. Kile cha mabati, kwenye njia ya kushukia bondeni. Alipofariki nikakishika mimi, kazi ikaenda vizuri, mpaka watoto wa shule wakaanza kutoroka vipindi kuja kuangalia karate. Miezi mitano iliyopita mtendaji wetu wa kijiji akaja na kufuli la ofisi. Akafunga, akaondoka na ufunguo. (Sikumlaumu. Hata Zubeda wangu alikuwa hafungui mlango wa jikoni kwa mkono, anaupiga teke.)

Sasa kibanda kilipofungwa tu, shemeji akakitamani. Shemeji Omari, mdogo wake marehemu, mwaka huu kavuna ufuta mpaka hana pa kuuweka. Kila akipita kwangu lazima aseme: "Shemeji, kibanda kimekaa bure. Nipe niweke magunia yangu. Ufuta hautoroshi watoto shule."

Mimi sikutaka, na sababu nawaambia ukweli. Mwaka jana nilikwenda Dar kwa dada yangu kwenye shughuli ya mtoto wake. Watu wako uani wanacheza ngoma, mimi nikapita sebuleni nikakuta TV inaonyesha dokumentari ya historia ya Uhabeshi. Wafalme. Makanisa yaliyochongwa ndani ya jiwe moja. Vita. Kahawa inavyokaangwa mbele ya mgeni. Nilikaa pale mpaka wali niliotumwa kuuangalia ukaungua. Jamani, mimi niliishia darasa la saba. Ramani ya dunia niliiacha ukutani shuleni na sikuiona tena. Siku ile niliona kama mtu kaniletea ile ramani, na kila nchi inasema yenyewe yaliyoipata. Nililia, wakadhani nalilia wali.

Nikajiambia, hiki ndicho nitakachoonyesha. Historia za nchi za watu. Jumamosi mchana, akina mama, wazee, na watoto wakiwa wameshikwa mkono na wazazi wao.

Nikaenda ofisini kwa mtendaji. Akanisikiliza, akakuna kidevu.

"Mama Zubeda, wazo zuri. Lakini hizo filamu ni za Kiingereza."

"Nitatafsiri mwenyewe, Mheshimiwa."

"Wewe?"

"Mimi."

(Kiingereza changu kinaishia kwenye kumwamkia mwalimu. Lakini nilikuwa na mpango.)

Akafikiri. Akasema: "Nakupa Jumamosi moja. Nitakaa mwenyewe kwenye benchi nione. Ikiwa ni elimu, nakurudishia ufunguo. Ikiwa ni upuuzi, shemeji yako aingize magunia, na habari ya kibanda iishe."

Shemeji alipopata habari alikuja kunipongeza. Akapima mlango kwa mikono yake, upana na urefu, akaenda zake.

Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Mpango wangu ulikuwa huu: nianze na Misri. Kwanza kila mtu kwetu anamjua Firauni tangu madrasa. Pili Misri ina mto unaofurika, na watu wa hapa mafuriko huna haja ya kuwaelezea. Nikachukua kitabu cha historia alichokiacha Zubeda alipokwenda bweni, nikaandika kurasa nne za daftari. Nile. Mafuriko. Mapiramidi. Mafunjo. Firauni. Nikakariri wiki mbili. Nilikariri nikipepeta mchele, nikakariri nikiosha vyombo, hadi jirani akauliza kama nina homa. Yaani mimi sikuhitaji kuelewa hicho Kiingereza. Picha zitapita, mimi nitasema Misri yangu.

Jumatano nikapanda basi kwenda Kibiti kuitafuta hiyo dokumentari. Jamani, ni kazi! Duka la kwanza la kurushia watu muvi kwenye flashi nikamwambia mwenye duka: "Nataka historia ya nchi."

"Nchi gani, mama?"

"Yoyote yenye historia."

Akanifungulia mieleka. (Mieleka! Nikamshukuru nikatoka.)

Duka la pili jamaa akafurahi sana. "Ipo ya Uturuki, mama. Misimu mitano."

"Hiyo si tamthilia?"

"Tamthilia, ndiyo. Lakini ina farasi."

Duka la tatu, karibu na stendi, nikamkuta mtu mzima mwenzangu anaitwa Chidi. Huyu alinisikiliza. Nikamweleza kwa kirefu: nchi ya kale, wafalme wakubwa, mapiramidi. Hasa mapiramidi nilisisitiza. Chidi akaingia mtandaoni, nikanywa chai vikombe viwili, akanipa flashi yangu. "Saa nzima na nusu, mama. Picha safi. Mapiramidi yamejaa humo."

Mtaniuliza: hukuiangalia? Nitaiangalia wapi? TV iko ndani ya kibanda, kibanda kina kufuli, ufunguo uko kwa mtendaji. Simu yangu mnaijua, maandishi inapeleka, video inakataa. Nikaifunga flashi kwenye pindo la khanga nikalala nayo siku tatu.

Jana Ijumaa ustadhi wa madrasa akanipitia. Kaambiwa kuna filamu ya Firauni. "Nitakuja," akasema, "kwa sharti moja. Asionekane humo mtu anayemwigiza Nabii Musa. Akionekana, nanyanyuka na watu wote wananyanyuka." Nikamwapia kwamba hatoonekana. (Niliapa juu ya filamu ambayo sijaiona. Mimi huyu.)

Haya. Leo saa nane mchana mtendaji kafika na pikipiki ya ofisi, kafungua kufuli. Vumbi! Popo wawili wakatoka wakiwa wamekasirika. Tukafagia, tukatandika mikeka ya ukindu mbele kwa ajili ya akina mama, mabenchi nyuma kwa wanaume. Mtendaji benchi la kwanza, katikati, kofia ya pikipiki mapajani. Pembeni yake ustadhi. Pembeni ya ustadhi Mzee Ngwele, Mmatumbi wetu kutoka milimani, mzee anayependa visa kuliko chakula. Kwenye mkeka wa mbele kabisa, pua karibu na TV, Bi Siwatu.

Bi Siwatu huyu tangu Januari anasoma kisomo cha watu wazima, na tangu ajue herufi hakuna maandishi yanayopita salama mbele yake. Anasoma mifuko ya saruji. Anasoma matairi. Anasoma khanga yako ukiwa umeivaa, kwa sauti, mbele ya watu, huku akikuzungusha amalizie jina.

Na nje, chini ya dirisha, shemeji Omari. Kaja na mkokoteni. Magunia manane ya ufuta tayari juu yake.

"Karibu ndani, shemeji," nikamwambia.

"Nangojea hapa hapa, shemeji. Sitaki kuchafua viatu kabla ya kazi."

Kwa msiojua kazi ya kutafsiri: mtafsiri anasimama pembeni ya TV na maiki, sauti ya filamu anaipunguza mpaka mwisho, anaongea yeye. Sauti inatoka ndani, na inatoka kwenye lile spika la juu ya bati ili na walioko barabarani wavutike. Na sheria ya kazi, alivyonifundisha marehemu, ni moja tu: mtafsiri hanyamazi. Ukinyamaza wataanza kuongea wao, na wakianza huwapati tena. Hujui? Sema kitu. Marehemu aliwahi kutafsiri filamu nzima ya Kichina, na Kichina hajui hata hodi, na watu walilia.

Nikachomeka flashi. Nikabonyeza. Likatokea piramidi.

Piramidi kubwa! Limejaa TV nzima, jua linawaka juu yake. Watu wakasema "Aaaah!" Moyo wangu ukafunguka. Nikashika maiki, nikaachia:

"Ndugu watazamaji, karibuni Misri! Nchi ya Firauni, nchi ya mto Nile!"

Makofi. Mtendaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamtupia shemeji jicho dirishani. (Jicho lile nililijutia baadaye.)

"Mbona lina ngazi?" akauliza Bi Siwatu.

Kweli. Piramidi lina ngazi mbele, kutoka chini mpaka juu. Kwenye kitabu cha Zubeda halina ngazi.

"Ni za mafundi," nikasema. "Wamesahau kuzitoa."

Tukaendelea. Wakatokea watu. Vifua wazi, shuka kiunoni, na vichwani manyoya. Manyoya ya ndege, marefu, ya kijani.

"Mama Zubeda, hao nao?" ni mtendaji huyo.

"Hao, Mheshimiwa, ni Wamisri wa bara."

Akakubali! Nikavuta pumzi. Akatokea mmoja mwenye manyoya mengi kupita wote, kabebwa kwenye kiti. Nikaona nafasi ndiyo hii. "Na huyu anayebebwa ndiye Firauni mwenyewe!"

Kibanda kizima kikaguna kwa chuki. Akina mama wakasonya. Ustadhi akainama mbele, akamtazama vizuri.

"Firauni mbona kavaa kuku mzima kichwani?"

"Kiburi, ustadhi."

"Hilo kweli," akasema ustadhi, akaegemea.

Mzee Ngwele akainua fimbo. "Bahari inapasuka saa ngapi?"

"Bado, mzee. Subira."

Basi likaja ziwa. Maji makubwa yametulia. Nikasema ule ndio mto Nile. Bi Siwatu akauliza mbona hautiririki, nikamwambia ni kiangazi. Halafu, jamani, wakaonyeshwa watu wanalima ndani ya maji. Wamejenga vishamba vya matope juu ya ziwa, wanapita katikati kwa mitumbwi, wanapanda. Watu wetu hapo wakasimama! Hawa ni watu waliolima bondeni maisha yao yote, mto ukipungua wanaufuata kwa majembe.

"Wanalima majini!"

"Kwani mafuriko hayawazoi?"

"Angalia na dungu lile! Wanalinda ndege kama sisi!"

Na kwenye vile vishamba, mahindi. Mahindi yamesimama, yamebeba. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mimi kwenye daftari langu mahindi hamna. Kuna ngano. Nikageuza karatasi ya pili, ya tatu. Ngano tupu. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni.

Mara katokea mzee, nywele ndefu, kashika fimbo.

Ustadhi juu! "Huyo mwenye fimbo ni nani?"

"Siye, ustadhi! Wallahi siye!"

"Ni nani basi?"

"Ni... ni bwana shamba!"

Ustadhi akamgeukia mtendaji, maana mtendaji wetu kabla hajapata hii kazi alikuwa bwana shamba. Mtendaji akamwangalia yule mzee kwa makini. Kichwa chini, fimbo ardhini, anapima matope. "Inawezekana," akasema. Ustadhi akakaa.

Halafu ikatokea bahari.

Mzee Ngwele akanyanyuka na fimbo yake. "Hapo sasa! Kaeni kimya! Inapasuka hiyo!"

Kibanda kizima kikabana pumzi. Na mimi nikabana. Bahari haikupasuka. Zikaja meli, meli za matanga makubwa, zikatua. Wakashuka Wazungu wana ndevu, wamevaa vyuma kifuani, na farasi.

Daftari langu lilikuwa limeisha. Nilikuwa nimebaki na maiki na sheria ya marehemu.

"Na hawa, ndugu watazamaji, ni watalii. Wamekuja kutembelea mapiramidi."

"Mbona wana mapanga?"

"Kwa ajili ya wanyama wakali."

Watalii wakapokelewa vizuri. Wakapewa maua. Wakapewa chakula. Nikasema Wamisri ni watu wakarimu sana. Picha ikabadilika, na watalii wakaanza kuchoma nyumba.

"Mama Zubeda! Watalii wanachoma mji!"

"Ni... ni kwa sababu..." Nikatafuta. "Hawakuridhika na huduma."

Mtendaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akanitazama mimi, si TV. Nikajua hapa sasa si pazuri.

Na hapo hapo ikaja ramani. Ramani kubwa, na maandishi juu yake makubwa kama ya mabango ya barabarani. Bi Siwatu akatengeneza koo.

"M... e... Me," akasoma. Akasogea. "Halafu hapa mwalimu kaweka alama ya kosa. Halafu i. Halafu ko." Akanigeukia na uso wa furaha kabisa. "Me, kosa, iko. Mama Zubeda, hiki ni kijiji gani cha Misri?"

Mtendaji akasema polepole, kila mtu akasikia: "Meksiko. Hiyo ni ramani ya Meksiko."

Spika la juu ya bati linanguruma lenyewe. Na mdomo wangu, wallahi si mimi, ni mdomo peke yake, ukaikumbuka sheria ya kazi:

"Meksiko, ndugu watazamaji, ni mahali ambako Wamisri walihamia."

"Mama Zubeda," akasema mtendaji. "Hapo katikati kuna bahari nzima."

"Walihamia zamani."

Kicheko! Benchi la nyuma likaanguka na watu wake. Kutoka barabarani nikasikia mwendesha bodaboda anacheka huku anaondoka. Dirishani kikatokea kichwa cha shemeji, meno yote thelathini na mawili.

"Shemeji," akasema, "Wamisri wamehamia Meksiko, na wewe uhame basi." Na gunia la kwanza likaingia mlangoni.

Pale, jamani, utani uliniisha kabisa. Nililiona lile gunia likitua pale alipokuwa akikaa marehemu na rimoti yake. Wiki mbili nimekariri. Siku tatu nimelala na flashi. Nilisikia uchungu, si uchungu wa kuchekwa, ni uchungu wa kwamba nilikitaka kitu kizuri na nimekiharibu kwa mdomo wangu. Nikaweka daftari chini. Maiki nikabaki nayo, nikasema:

"Jamani, mimi hapa sijui kitu. Niliisoma Misri. Hii sijawahi kuiona, na Kiingereza chake sikielewi. Wale watalii siwajui ni akina nani. Bwana shamba nimemtunga mimi. Firauni mwenye manyoya nimemtunga mimi. Nisameheni."

Spika likayapeleka hayo mpaka sokoni. Kuna mtu kanipigia simu kutoka huko huko sokoni kuniambia amenisamehe.

"Alhamdulillahi," akasema ustadhi. "Mimi roho ilikuwa inanisumbua. Firauni gani anachekelea wageni vile?"

Mtendaji akanyanyuka, kofia mkononi. Shemeji akaingiza gunia la pili. Mimi nikaanza kukunja mkeka. Nikavuta, haukunjiki. Nikavuta tena. Bi Siwatu kaukalia.

"Mheshimiwa unakwenda wapi?" akauliza.

"Bi Siwatu, si umesikia? Imekwisha."

"Imekwisha nini? Yale mahindi nimeyaona kwa macho yangu. Kama si ya Misri, ni ya nani? Na wale wanaolima juu ya maji, mto ukijaa wanafanyaje? Mimi mafuriko yamenizolea shamba mara tatu. Sitoki hapa sijajibiwa."

"Na wale wenye vyuma," akasema Mzee Ngwele. "Kama si watalii, wale walitaka nini?"

"Rudisha kwenye mahindi!" akapaza mama mmoja. "Rudisha!" kibanda kizima.

Hakuna aliyenyanyuka! Hata walioanguka na benchi walikuwa wamekaa pale pale chini. Mimi nikamtazama mtendaji, mtu aliyesoma, aliyekaa chuo, na miwani. Nikamnyooshea maiki.

"Mheshimiwa, Kiingereza unakijua wewe."

"Mimi ni mtendaji, si mtafsiri."

"Hapo kwenye mahindi tu, Mheshimiwa. Wananchi wanauliza."

Akaipokea kwa vidole viwili kama ameshikishwa kambale. Nikarudisha filamu nyuma, nikafungua sauti kidogo asikie. Akakohoa. Spika likakohoa naye.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuhusiana na suala la mahindi."

Dakika tano za mwanzo ilikuwa ni mkutano wa hadhara. Dakika ya sita akavua koti. Ya kumi akanyang'anya rimoti mkononi mwangu, akasimamisha picha kwenye vile vishamba, akaanza kuonyesha kwa kidole jinsi wanavyofunga miti pembeni matope yasiondoke. Mzee wa kilimo karudi nyumbani! Kisha akasema lenyewe: mahindi kwao ndiko asili yake. Wahenga wa watu hawa ndio walioyatoa kwenye majani ya porini, karne kwa karne, mpaka yakawa mahindi. Yakavuka bahari. Yakatufikia.

"Uongo," akasema Bi Siwatu. "Mahindi ni ya hapa hapa. Bibi yangu alilima."

"Bibi yako aliletewa, Bi Siwatu."

"Bibi yangu hakuletewa kitu na mtu!"

"Filamu inasema hivyo."

"Filamu hiyo hiyo ilikuwa Misri saa moja iliyopita!"

Mnaona? Watu wanabishana kuhusu asili ya mahindi! Kwenye kibanda changu! Mama mmoja akauliza kama na ugali walitufundisha hao hao, mwingine akasema basi siku wakija tuwape mchele, maana mahindi wameshayachoka. Mimi nimesimama pembeni, sina maiki, sina rimoti, sina kazi, na sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Ikaadhiniwa alasiri. Mtendaji akasimamisha picha, watu wakatoka kwenda kuswali. Nikasema moyoni, ndiyo mwisho, wataelekea makwao. Walirudi wote. Wamerudi na wengine! Yule bodaboda aliyenicheka karudi na abiria wake. Mikeka ikajaa, mabenchi yakajaa, watu wakasimama ukutani. Wazee wakakosa pa kukaa, na macho yote yakaenda kwenye mkokoteni.

"Msithubutu," akasema shemeji.

Dakika mbili baadaye magunia yote manane yako ndani, kila gunia na mzee wake. Shemeji mwenyewe kabanwa mlangoni, shingo ndefu, anamuuliza wa mbele yake: "Mfalme wao kafanywaje? Kafanywaje?"

Meli zilipotua tena, mtendaji akamwigiza kapteni wa Wazungu kwa sauti nzito ya puani. Tukafika tena pale mji unapochomwa. Hapo hakuweka mbwembwe. Alitaja wale wenye vyuma walivyokuja, dhahabu waliyoitaka, maradhi waliyokuja nayo, mji ulivyozingirwa watu wakafa kwa njaa. Akina mama wakajifuta na ncha za khanga. Mzee Ngwele akapiga fimbo chini taratibu.

"Hata milimani kwetu walikuja hivyo," akasema. "Wazungu wengine, lakini hivyo hivyo. Babu alikuwa akitusimulia maghala yalivyochomwa. Mimi nilidhani ni sisi tu peke yetu duniani."

Ustadhi akamshika bega. Mtendaji alinyamaza na maiki mkononi, muda mrefu, akavunja sheria ya kazi kabisa, na watu hawakuanza kuongea.

Ilipoisha jua lilikuwa limeshuka. Mtendaji akavaa koti, akakumbuka yeye ni nani. Akatoa ufunguo mfukoni, akaniwekea kiganjani mbele ya watu.

"Mama Zubeda, leo umesema uongo mwingi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kibanda kifunguliwe. Jumamosi mchana, na watoto waje na wazazi. Masharti: filamu uiangalie kwanza. Na..." Akashusha sauti. "Na ile sauti yangu ya kapteni wa Wazungu, ilitoka vizuri?"

"Ilitoka, Mheshimiwa."

Akapanda pikipiki akaondoka. Ndipo nikagundua maiki kaondoka nayo. Nimempigia simu. Anasema kaichukua kwa ajili ya mazoezi.

Chidi nimempigia pia, nimwashie moto. "Mama," akanijibu, "si ulisema mapiramidi? Yale si mapiramidi?" Nikamwambia anitafutie ya Uhabeshi, na safari hii anitajie jina la nchi.

Shemeji tumekubaliana pia. Magunia yake yanabaki humu, kwa sababu wazee wamesema ni laini kuliko benchi. Amelalamika kidogo, kisha akauliza kama hao Wahabeshi nao walichomewa mji.

Basi ndiyo hivyo. Nimeadhirika, sikatai, na kijiji kizima kimenisikia. Mwenye kutaka kunicheka asinichekee huko kwenye simu, aje anichekee hapa hapa kibandani. Mlango uko wazi.